Radhi Kabla ya Hukumu

Sebuleni kwa Wakili palikuwa na friji nyeupe ya zamani iliyokwisha kuharibika, na hakuitupa kwa sababu ilikuwa na kazi. Ilikuwa kizimba. Kila mteja aliyekaribia siku ya hukumu alisimamishwa ubavuni mwake, naye Wakili alikaa kwenye kochi lililoelekea pale, msuli kiunoni na fulana ya ndani kifuani, akawa hakimu. "Una lolote la kusema kabla mahakama haijakupa adhabu?" aliuliza. Wengi walilia papo hapo. Akiona machozi aligeuka akatazama saa ya ukutani, kisha akamrudia mtu wake: "Umeona nilivyotazama saa? Hakimu naye atatazama. Futa uso, tuanze tena."

Nilikaa naye jirani hapa mtaani Usagara miaka mingi, ukuta kwa ukuta. Mimi nilisikia wateja wake wakijifunza kuomba huruma, na yeye aliwasikia wanafunzi wangu wa chuoni wakihifadhi juzuu. Siku moja alinilalamikia kwamba watoto wangu wanakwama kwenye aya ileile kila wiki. Nikamwambia wezi wake nao wanasema uongo uleule kila mwezi. Alirudi ndani akicheka peke yake.

Jina analo, la ubatizo na la kwao milimani, lakini mtaani halikutumika. Hata mkewe alimwita Wakili. Ya kuzaliwa kwake na ukoo wake nawaachia wenyewe. Mimi nataka kumweleza mtu niliyemwona, Mungu amlipe kheri, na jambo lililomgeuza.

Alikuwa na masharti ya chakula yasiyokuwamo katika dini yoyote. Maadamu kesi yako iko mikononi mwake, hali chochote cha nyumbani kwako. Sahani ya pilau ya Idi ikitoka nyumba yenye kesi ilirudi imefunikwa vilevile, pamoja na salamu: baada ya hukumu. Watu walimwona ana kibri. Jirani mmoja alisema hadharani kwamba mtu wa milimani amezoea ugali na maharage, pilau inamtisha. Lakini hukumu ikishatoka, mtu wake awe ameachiwa au amefungwa, Wakili alikuja mwenyewe akapiga hodi, akakaa barazani na kuuliza, "Lile pilau langu mmeliweka wapi?" Kwa wale ambao mtoto wao amefungwa, kule kula kwake polepole, huku akiomba aongezewe pilipili, kulikuwa ndiyo taazia yao. Nimemwona akila hivyo katika nyumba ambayo hakuna mwingine aliyeweza kumeza tonge.

Alikuwa Mlutheri wa dhati. Aliimba besi katika kwaya ya kanisani kwake, na sauti yake haikuwa ya kuimba. Wenzake walijua, ila nani amwambie wakili? Hata hivyo mafungu ya mirathi ya Kiislamu aliyajua kuliko wengi wa waumini wangu. Nilimfundisha mimi, kwa chenza. Tulimenya, tukatenganisha vipande: hiki cha mke, hivi vya mama, hivi vya watoto. Mwisho wa somo alikula hisa za warithi wote, akasema hiyo ni ada ya wakili.

Kwa watu wake alikuwa mkali kupita kiasi. Alimfukuza kijana mmoja kwa sababu alikuja na suruali iliyochanwa magotini kwa fasheni, akamwambia aende kwanza akavae kama mtu anayetaka kurudi nyumbani. Lakini Wakili huyohuyo alikuwa na jogoo ambaye alishindwa kumchinja kila Krismasi, na kila mwaka alitafuta sababu mpya. Mwaka mmoja alidai ushahidi dhidi ya jogoo haujakamilika.

Fundisho lake la kwanza na la mwisho lilikuwa kunyamaza. Ukikamatwa, taja jina lako na mtaa wako, yaliyobaki ni yake. Kwa hilo tulimchosha sana sisi watu wa pwani, kwa sababu neno la kuomba radhi hututoka kabla hatujafikiri. Mtu akikanyagwa sokoni, aliyekanyaga na aliyekanyagwa wote wawili huombana radhi. Na Ramadhani ikikaribia tunapita nyumba kwa nyumba: nisamehe niliyokukosea, ninayoyajua na nisiyoyajua. Wakili aliwatazama watu wakipita namna hiyo akatikisa kichwa. Aliniambia kwamba katika siku zile mji mzima unakiri makosa, na lau yeye angekuwa upande wa mashtaka angetoka na gari la kubebea watu.

Lakini akaaye nawe huzoea yako. Mwaka mmoja, karibu na mwezi kuandama, alinijia kwa mzaha akaniomba nimsamehe kelele za wezi wake. Mwaka uliofuata alikuja tena, safari hii bila mzaha. "Shehe, nisamehe," alisema. Nikamwuliza kwa lipi. Akajibu, "Ninayoyajua na nisiyoyajua. Si ndivyo mnavyosema?" Tangu hapo hakuacha hata mwaka mmoja.

Nimeyasema haya ili ijulikane ni mtu gani aliyeletewa kesi ya Bakari.

Bakari alikuwa fundi simu, kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado hazijaamua. Meza yake ilikuwa njiani mbele ya duka la Mzee Seif, muuza vitambaa wa ukoo uliotoka Omani zamani, muumini wa msikiti ninamosali. Siku mgambo walipokuja kuwaondoa wafanyabiashara wadogo barabarani, meza ya Bakari ilivunjwa pamoja na simu za watu zilizokuwa juu yake. Ikazuka fujo: mawe, matairi, moshi. Katikati ya moshi ukapita uvumi kwamba Mzee Seif ndiye aliyepeleka malalamiko. Haukuwa kweli. Mzee Seif alikuwa akimpa kijana yule umeme wa bure, kwa waya uliopita chini ya mlango wake. Lakini mwenye hasira hachambui. Duka likachomwa, na Mzee Seif akaungua mikono yote miwili akivuta majora yake kutoka ndani.

Bakari alikamatwa pamoja na vijana wengi. Wengine wakaachiwa, yeye akashtakiwa kwa kuchoma jengo, kosa ambalo sheria haina mchezo nalo. Mama yake, mjane anayeuza vitumbua, akaenda kusimama mlangoni kwa Wakili. Dhamana ikapatikana, na Wakili akamsimamisha kijana ubavuni mwa friji, akamhoji, kisha akatoka nje kunitafuta. Alikuwa na furaha aliyojaribu kuificha. Aliniambia upande wa mashtaka hauna mtu. Wana askari aliyemwona Bakari akikimbia, na siku ile nani hakukimbia? Hakuna aliyeona mkono wake ukitia moto. "Akifunga mdomo tu," alisema, "anarudi kwa mama yake."

Na Bakari alikuwa amelitenda. Nasema waziwazi kwa sababu mwenyewe alilisema, na ndilo lililokuwa likimla. Alikonda. Akimwona Mzee Seif anatoka msikitini na bandeji zake, alikata kona. Ramadhani ilipokaribia mama yake alimwendea Wakili kumwomba ruhusa. Alitaka mwanawe apelekwe na wazee kwa Mzee Seif akamtake radhi, kama inavyofanywa kwetu. Alisema hawezi kumtazama mtoto anafunga mwezi mtukufu huku haki ya mtu iko shingoni mwake.

Yeyote aliyemjua Wakili angetegemea amfukuze. Akakubali. Nilipomwuliza kulikoni, alinijibu kwamba kijana amechoka kubeba, na aliyechoka namna hiyo huvunjika kizimbani. Halafu akaongeza neno ambalo silisahau: "Hayo ya barazani kwenu hayaingii mahakamani, Shehe. Nimeishi nanyi, nayajua."

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Alidhani mila yetu ina ukuta.

Tulikwenda baada ya alasiri, imamu na wazee wa mtaa na mimi, tumevaa kanzu, kijana katikati yetu. Bakari alipiga magoti akashika miguu ya Mzee Seif. "Baba, ni mimi," alisema. "Nilitia moto. Nisamehe." Mzee Seif alitaka kumwinua na mikono ikamkatalia, basi akamwinamia, akamwekea kidevu juu ya kichwa kama mtu anayembembeleza mtoto mchanga. Alisema amemsamehe duniani na akhera. Tukasoma Fatiha, ikaletwa kahawa na halua, na kijana akala kama aliyetoka safari ya mbali. Nimefundisha masharti ya toba maisha yangu yote, kutoka vitabuni. Siku ile niliyaona kwa macho, na namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kunionyesha, pamoja na yote yaliyofuata.

Mtaa mzima ulijua kabla ya magharibi. Kila aliyesikia alifurahi, na kila aliyefurahi alisimulia. Vinyozi walisimulia, wauza kahawa walisimulia, hata watoto wangu wa chuoni waliigiza Mzee Seif na kidevu chake. Furaha ile ikatembea kwa miguu yake mpaka kwenye meza ya mwendesha mashtaka.

Usiku mmoja kabla ya kutoa ushahidi, Mzee Seif alinijia. "Shehe, nikiulizwa nitasemaje?" Nilimwambia sina ruhusa ya kumpa mtu kiapo cha uongo, wala hapana mwenye nayo. Alitikisa kichwa akaondoka. Sijutii jibu lile, na kila nikilikumbuka linaniuma.

Alipopanda kizimbani aliapa na mikono yake imefungwa bandeji. Mwendesha mashtaka hakumwuliza habari za moto. Alimwuliza kama mshtakiwa aliwahi kufika nyumbani kwake, na alisema nini. Mzee Seif alitazama mikono yake mpaka hakimu akamkumbusha kwa upole kwamba ameapa.

"Alisema ni yeye," alijibu. "Na mimi nimemsamehe."

"Nimekuuliza alichosema, mzee wangu. Basi, inatosha," alisema mwendesha mashtaka.

Wakili aliinuka akapinga, akataja vifungu, akajibiwa kwa vifungu. Mama Bakari aligeuka akanitazama, na tangu siku ile hajaniamkia. Ananipita kama anavyopita nguzo ya umeme.

Bakari alitiwa hatiani. Likaja lile swali la kwenye friji: kuna lolote la kusema kabla ya adhabu? Wakili alimwashiria kijana akae, akasema atasema yeye. Alianza na yale ya kawaida, umri mdogo, kosa la kwanza, mama mjane, akiyataja haraka kama mtu anayesoma bei za bidhaa. Kisha akafunga jalada lake. Kwa mara ya kwanza nilimsikia mahakamani akizungumza kama anavyozungumza nyumbani.

"Mheshimiwa, ushahidi uliomtia kijana huyu hatiani hamkuupata nyinyi," alisema. "Aliupeleka mwenyewe, kwa miguu yake, akaenda kuuweka mapajani mwa mtu aliyemuunguza. Leo mahakama inaambiwa itoe fundisho kwa ajili ya fujo. Watu wamejaa humu ndani na huko nje, watajifunza kweli. Ukimpa kifungo kirefu watajifunza kwamba waliokimbia na kunyamaza wako nyumbani wanakunywa chai, na aliyetubu ndiye aliyefungwa. Mpe adhabu, anastahili. Mpe kazi za jamii, afagie barabara ya mbele ya duka lile kila siku mji mzima ukimwona. Lakini usimfanye mpumbavu kwa kuomba radhi."

Mzee Seif akasimama bila kuitwa. Alisema yeye ndiye aliyeungua, mali ni yake na mikono ni yake, na anaiomba mahakama imwache kijana. Askari alimsogelea, hakimu akamzuia asimguse. Hakimu alikuwa kijana kwa umri, msomi, mwenye sauti ya adabu. Siwezi kusema alikuwa mtu mbaya, na ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa.

"Kaa, mzee," alisema. "Radhi ni yako na umeshaitoa. Kosa ni la Jamhuri, na Jamhuri haijaombwa radhi na mtu."

Akampa miaka kumi. Alieleza kwamba amezingatia umri wake, na kwamba bila hivyo ingekuwa zaidi.

Tulipotoka, hakimu alikutana na Wakili kwenye ujia, akamwinamia kidogo na kusema shikamoo. Wakili akaitikia marahaba. Nilikuwa nyuma yake, na nilimwona akishikilia ukuta.

Siku ya pili yake Mama Bakari alipika. Pamoja na yote, alijua ada ya mtu yule, akapika pilau na kachumbari, akatandika mkeka barazani. Alisubiri mpaka isha ikapita. Wakili hakwenda kupiga hodi.

Rufaa aliikata, na rufaa ikarudi na jibu lilelile kwa lugha ndefu zaidi. Baada ya hapo hakupokea mteja. Aliuza kochi, friji akawapa wachuuzi wa vyuma chakavu, akamwachia mkwewe nyumba, akahamia Maramba kwenye shamba lake la machungwa. Aliondoka siku chache kabla ya Ramadhani kuandama, na hakunijia kuomba radhi. Nilimwendea mimi. Alisema amenisamehe, hali anafunga kamba ya godoro, bila kuinua uso.

Gerezani nilikwenda mara kwa mara, na bado nakwenda, maadamu miguu inanibeba. Mzee Seif hunipa sabuni na sukari nimpelekee kijana. Mara ya kwanza Bakari alipokea. Mara ya pili aliuliza zimetoka kwa nani, nilipomwambia akazisukuma kwangu. Hakupandisha sauti.

"Shehe, mimi nilikuwa natoka," aliniambia. "Wenzangu wote wametoka. Mwambie mzee asiniletee kitu, na ile radhi yake aichukue, sina pa kuiweka." Nilimsomea dua, akaitikia amina kwa adabu aliyofundishwa na mama yake, akarudi ndani. Mzee Seif sikumpa maneno yale. Nilimwambia kijana anamshukuru, sabuni anazo. Nikaondoka kwa haraka asije akaniuliza zaidi.

Mara ya mwisho kumwona Wakili ilikuwa huko Maramba, katika msimu wa machungwa. Alikuwa amezeeka ghafla, na ile sauti ya besi imebaki kikohozi. Kanisani bado huenda, aliniambia, ila haimbi, na kwaya imependeza. Nilicheka. Yeye hakucheka. Nilimpa habari za mji, nikaziruka za gerezani, naye akazingoja. Mwishowe aliuliza mwenyewe: anaendeleaje? Nikamwambia anashukuru Mungu. Wakili alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama watu wake pale kwenye friji, wakati anajua mtu amesema uongo.

Tulikuwa tumekaa hivyo alipotokea mama mmoja wa kijijini mle, kanga kichwani, akihema kwa mwendo. Alitupa shikamoo sote wawili, akamwelekea Wakili. Mwanawe anaendesha bodaboda. Alikuwa amemgonga bibi mmoja wa kitongoji cha pili, bibi akavunjika mguu, na kijana kwa hofu akakimbia. Sasa polisi wanaulizauliza. Kijana analia ndani, anataka kwenda kumwangukia bibi yule. Wazee wamekwisha kuvaa, wako uani wanamngojea yeye tu, akaona apite kwanza kwa baba Wakili, kwa kuwa anaelewa mambo.

Wakili aliuliza kama kuna mtu aliyemwona akigonga. Mama akasema hakuna, palikuwa na kona.

"Basi msiende."

"Ni kumwomba radhi tu, baba. Hatuendi kwa ugomvi."

"Nimesikia. Msiende. Anyamaze, na nyinyi mnyamaze."

Mama akauliza kama wangeweza basi kumpeleka baadaye, kesi ikishakwisha.

"Ikishakwisha hatataka tena," alisema Wakili.

Hapo nikaona siwezi kunyamaza mbele ya Mola wangu. Nilimwambia yule mama kwamba haki ya mtu haifutwi na hakimu wala na miaka. Bibi yule amelala na mguu uliovunjika na hata hajui ni nani wa kumsamehe, na toba ya mwanawe ikicheleweshwa huoza. Nilisema kwa upole, maana niliona jinsi alivyoshika kanga yake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ni kweli, Shehe," alisema. "Sasa wakimfunga, utamtoa wewe?"

Aliuliza bila kejeli, kama mtu anayeuliza bei. Nilimtazama Wakili nikidhani atanisaidia, kwa kuwa yeye ndiye aliyewahi kusimama mbele ya mahakama akayatetea maneno kama yangu. Alikuwa ametazama chini, anasugua goti.

Mama alimshukuru Wakili sana, akamwombea umri mrefu, akatuaga. Hakuwa hata amefika barabarani nilipomsikia akipiga simu nyumbani kwake. "Waambieni wazee wavue kanzu," alisema. "Hatuendi."